Bangili ya Zamaradi
Siku hizi kila mgonjwa wa lupasi huvaa bangili. Kingamwili zake zikimgeuka na kuuvamia ubongo, bangili huwa nyekundu, na kisheria lolote atakalosema hapo halihesabiki.

Zamaradi alikuwa amenogewa na uhuru huo. Mchana bangili ilipowaka nyekundu, alimwambia wifi yake, Rukia, "Hii siyo pilau, wifi. Ni wali ulioonyeshwa bizari."

Rukia alicheka mpaka machozi. "Kingamwili hizo, si wewe," akasema, akamwongezea sahani.

Jioni bangili ilikuwa kijani. Zamaradi akamwegemea mumewe kibarazani. "Nakupenda, Baba Salha."

Baba Salha akatabasamu, akamshika mkono, akaugeuza taratibu aione rangi, ndipo akamjibu.