Kripsi Ndani ya Kisanduku

Fundi Tausi alitumbukiza kripsi moja ya muhogo ndani ya kisanduku cha saketi za betri, akakaza kifuniko juu ya mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli.

"Hiyo ya nini tena?" aliuliza Mzee Shauri. Teksi yake ya umeme ilikuwa imezimika mara mbili kwenye dimbwi la sokoni. Ikizimika tena, aliapa, ataiuza.

"Unyevu ukiingia, italegea. Muhogo hausemi uongo. Haya, panda!"

Walilivuka dimbwi mara saba, tope likiruka hadi kwenye paa, wauza nyanya wakiwatukana huku wakicheka.

Tausi akakifungua kisanduku, akampa mzee kripsi. Shauri akafumba macho, akaing'ata.

Kacha! Hata waliokuwa ng'ambo ya dimbwi waligeuka.