Miiba ya Bonde la Nungunungu

Palikuwa na bonde ambalo vijana wake walihama kila msimu kutafuta kazi. Wanyama wakamwalika Mnana, ndege fundi wa vikapu, ahamishie karakana yake kwao. Mwenyekiti Tumbili akamwagiza karani, Nungunungu, aandike yote yanayopatikana bondeni.

Nungunungu aliandika maji na nyasi ndefu. Kisha akaandika kwamba kila mti una miiba.

"Futa hiyo," Tumbili akasema.

"Lakini ipo, Mwenyekiti. Nimekagua mti kwa mti."

"Ndiyo maana hakuna anayekaa karibu nawe. Mgeni akikataa, kazi huna."

Nungunungu hakufuta.

Mnana alipofika aliisoma orodha, akaurudia mstari wa miiba mara mbili. Tumbili akawahi kusema, "Usijali, Bi Mnana. Wiki hii tutaikata yote."

"Mkiikata sitakuja," Mnana akajibu. "Huko nilikotoka miti ni laini, na nyoka wanapanda kula mayai ya mafundi wangu. Mabonde mawili yamenisifia maua. Hakuna aliyenitajia mwiba hata mmoja."

Akahamia na mafundi wake wote, na msimu ule vijana walibaki kujifunza kusuka.

Siku hizi Tumbili huwapokea wageni mwenyewe, kifua mbele. "Karibuni," huwaambia, "ila angalieni mnapokaa. Hapa kwetu kuna miiba."