Kibao cha Zahanati

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, dereva wa bodaboda aliyembeba mke wangu mgonjwa alikosea njia panda. Badala ya zahanati akafika ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mke wangu akafia hapo mchangani. Kibao cha njia wakubwa wanakiahidi kila uchaguzi.

Sasa nimeamua kukichonga mwenyewe. Mwanabibi, binti mwenye karakana hapa Mbinga mjini, ananifundisha mashine yake ndogo inayoongozwa na kompyuta.

"Bonyeza, baba. Siyo mamba huyo!"

Nikabonyeza. Biti, kile chuma chenye ncha cha kuchimbia, ikashuka yenyewe kwenye ubao wa mninga, ikaanza kuandika bila mkono wa mtu. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikaiona Z inachimbika, kingo zake safi kama shimo la ngolo tunalochimba shambani kushika maji ya mvua. Nikavua kofia kama niko kanisani.

Neno ZAHANATI lilipokamilika, nikapitisha kidole ndani ya herufi. Mti ulikuwa bado wa moto.

"Imebaki namba tu," akasema Mwanabibi. "Kutoka njia panda ni kilomita ngapi?"

Nikampigia mtendaji wa kata. Akasema hajui, niulize wilayani. Nikapiga wilayani. Afisa akaniuliza mimi:

"Kwani ni kilomita ngapi, mzee?"