Udhu wa Maalim Mwinyikai

Visima vya mji viliponuka, wachimba mafuta walijenga tangi msikitini. Ijumaa ya uzinduzi, meneja wao alimwomba Maalim Mwinyikai atawadhe wa kwanza, ili watu waone na waridhike.

Maalim alikinga maji ya bomba la tangi viganjani, akayanusa, akayamwaga.

"Yamepimwa maabara, Maalim. Ni safi."

"Maji yaliyoharibika harufu hayatwaharishi mtu, bwana. Sheria hiyo ni kongwe kuliko maabara yenu."

"Basi meneja mwenyewe asukutue," alidakia Bi Mwanahawa kutoka upande wa wanawake, na watu wakacheka.

Maalim hakucheka. Alipiga magoti kando ya tangi lililojaa, pale saruji ilipoishia, akaipiga ardhi kwa viganja viwili ili atayamamu kwa vumbi, kama msafiri aliyekosa maji. Alipoinua mikono, viganja vilikuwa vyeusi, vinang'aa kwa mafuta.

Hakuvifuta. Aliinuka taratibu, akamwendea meneja aliyevaa kanzu nyeupe ya kuazima, akamnyooshea mkono.

"Mgeni hanyimwi mkono," alisema. "Haya, bwana, tupeane."

Mkono ukabaki hewani, ukidondosha tone jeusi kwenye saruji mpya, na hakuna aliyeondoka, wote wakimngoja meneja.