Mkwe Kiti cha Mbele

"Huyo mwanamke hawezi kukaa hapo!"

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Pale sokoni Mbeya kipaza sauti kikakohoa, kikanyamaza. Fanueli, muuza malori mwenye viatu vinavyong'aa kuliko lori lenyewe, akageuka kuitazama picha kubwa aliyoitundika ubavuni mwa lori. Baba wa Kinyakyusa, mwanawe na mke wa mwanawe wamebanana kiti cha mbele, wanacheka, migomba imewazunguka. Chini pameandikwa: LORI LA WANYAKYUSA, WATU WASIOSHINDWA NA MLIMA.

Aliyesema alikuwa mzee mfupi mwenye pengo na koti kuukuu la jeshi.

"Mugonile," aliwasalimu watu. "Mimi mtu wa Masoko, kule Rungwe. Mmeona wapi mke wa mtoto anakaa bega kwa bega na baba mkwe? Kwetu hata akimwona njiani anajificha migombani! Wewe bwana, hawa umewaokota Dar es Salaam."

Watu wakacheka mpaka vikapu vikaanguka. Fanueli akafuta jasho.

Isakwisa alicheka kuliko wote, maana mzigo ulikuwa wake. Wakulima wenzake wa kahawa kule Rungwe walimtuma achague lori la ushirika. Akikosea, kahawa yao italowa njiani, na yeye kanisani ataingia kwa mlango gani? Tangu asubuhi hakumwamini huyu Fanueli. Mtu anakusifia kabila lako hata jina lako hajalijua!

"Sawa baba, umenikamata," Fanueli alisema kinyonge. "Picha ni ya uongo. Lakini lori si picha. Panda mwenyewe tukalijaribu kule mlimani, barabara ya Chunya."

"Na huyu aje," mzee akamshika Isakwisa mkono. "Watu kama hawa, macho yangu pekee hayawatoshi."

Isakwisa akavuta mlango. Ukagoma. Akavuta tena. Mzee akamsogeza, akauinua kidogo, akaupiga goti, ukafunguka.

Njia nzima mzee alinuna. Alisikiliza injini kama daktari, akaguna, akauliza breki, akauliza matope. Kule juu akatema mate dirishani.

"Hawa ni waongo," alimnong'oneza Isakwisa kwa Kinyakyusa. "Ila lori, mwanangu, hili si la uongo."

Jioni ileile Isakwisa akalichukua.

Mvua za kwanza tu, lori likafia mlima wa Isyonje na kahawa yote mgongoni. Ikalowa, ikaota ukungu. Jumapili, kanisani, benchi la Isakwisa lilikuwa na watu wawili: yeye na mkewe Sekela.

"Mfuate huyo Fanueli popote alipo," Sekela alimwambia. "Lakini usiende peke yako, atakulaghai tena. Mchukue yule mzee wa Masoko. Yule ndiye aliyemweza."

Isakwisa akapita Masoko, hakumpata. Akapanda basi peke yake mpaka Iringa, maana alisikia Fanueli ameonekana huko.

Sokoni alikuta watu wamejaa. Lori jingine la aina ileile, picha ileile, watu walewale, migomba ileile. Maneno tu yamebadilika: LORI LA WAHEHE, MASHUJAA WASIORUDI NYUMA. Isakwisa akakunja ngumi, akaanza kupenya. Laiti yule mzee angekuwepo!

"Hiyo migomba yote ya wapi? Si ya kwetu hiyo!"

Mtu alipaza sauti upande wa pili. Watu wakaangua kicheko. Fanueli akafuta jasho.

"Kamwene," aliwasalimu mzee mfupi aliyejifunika blanketi mpaka masikioni. "Mimi mtu wa Kalenga. Wewe bwana, hawa umewaokota Rungwe!"

"Sawa baba, umenikamata," Fanueli alisema kinyonge. "Panda mwenyewe tukalijaribu mlima wa Ipogoro."

Mzee akamshika mkono mkulima mmoja aliyekuwa karibu, wakaenda wote mpaka kwenye lori. Mkulima akavuta mlango. Ukagoma. Akavuta tena.

Mzee akamsogeza, akauinua kidogo, akaupiga goti.