Sindano Isiyo na Uzi

Fundi cherehani alikuwa amepanda juu ya ndoo aliyoipindua, pua imegandamana na kioo cha dirisha la bintiye, akimpungia mkono mtu asiyejua hata mkono ni kitu gani. Mjukuu wake wa kwanza, wiki tano tangu azaliwe, alipiga mwayo mle ndani akalala zake.

"Baba, shuka, utaanguka," binti alisema kutoka ndani. "Mlango uko pale. Nenda ukachomwe sindano, ukirudi unawe mikono, umpakate mpaka uchoke mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na haikuwa na mzaha. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, hafikii hata uzito wa pasi ya babu yake. Daktari alishaonya: mafua ambayo mtu mzima anayafuta kwa leso akaendelea na shughuli zake yangeweza kumlaza mtoto yule hospitalini.

Na mwaka uliopita mafua yaliingia katika familia hii kwa mkono wa nani? Wa fundi huyo huyo! Aliyapata kwa mteja aliyekuja kupimwa suti huku akipiga chafya, akampelekea mkewe, mke akampa mkwe, na wiki nzima nyumba ikawa inakohoa kwa zamu.

Safari hii wote walikuwa wameshapata chanjo ya mafua: binti, mumewe, bibi, hata jirani anayekuja kusaidia kufua. Alibaki mwanamume mmoja tu, na huyo kila akiulizwa alikuwa na udhuru, hasa kazi za watu ambazo hazijaisha.

"Mume wangu, si wewe unayeshinda na sindano kutwa nzima?" mkewe alimwuliza, akijikaza asicheke. "Vidole vyako vimetobolewa mpaka havisikii tena."

"Sindano yangu ina tundu la uzi," fundi akajibu. "Ile yao ina tundu toka mwanzo mpaka mwisho. Usinichanganyie mambo."

"Haya, bwana. Mimi jana nilimpakata. Kalala hapa kifuani, ananukia maziwa."

Neno hilo lilimkata maini. Asubuhi iliyofuata alivaa shati la mikono mifupi, akaacha cherehani zimefunikwa, akaenda zahanati.

Alikuta mlango wa chumba cha chanjo bado umefungwa. Kwenye benchi alikuwapo mtu mmoja tu, dada wa umri wa binti yake, mkoba mapajani, jasho linamtiririka na jua lenyewe bado halijakolea. Kila mara alikuwa anajifuta viganja kwenye sketi. Jamani, fundi alipomwona hivyo roho yake ilitulia. Kumbe hayuko peke yake!

"Shikamoo, mzee. Umekuja kwa ajili ya sindano?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo. Na wewe?"

"Hiyo hiyo." Dada akaukumbatia mkoba wake. "Mara yangu ya kwanza. Wenzangu walianza jana, mimi nikasingizia tumbo."

Fundi mwenyewe alikuwa ameshasingizia tumbo, mgongo, na msiba wa mtu asiyemfahamu. Lakini hilo alilimeza. Mbele ya mtu anayetetemeka kumzidi, ushujaa ulimpanda ghafla.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi ni fundi nguo, miaka thelathini niko na sindano. Si kitu kabisa! Unavuta pumzi, unahesabu moja, mbili, imekwisha."

"Na mkono ukitetemeka?"

"Uache utetemeke. Sindano itaingia tu."

"Na damu je, mzee? Mimi nikiona damu, hata tone, kichwa kinazunguka."

"Sasa nani kakwambia uangalie?" Fundi alishajisahau, sauti imempanda utadhani mkutano ni wake. "Geuza uso ukutani, fumba macho kabisa. Siri yote iko hapo."

Dada alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. "Kweli? Hata nikifumba?"

"Hasa ukifumba! Na usimwonyeshe mtu kwamba unaogopa, utawatia woga wote hawa."

Maana watu walikuwa wameshaanza kufika: mama na watoto wake wawili, mzee mwenye fimbo, mwalimu na madaftari yake. Fundi aliwatazama kwa huruma. Moyoni alikuwa tayari yuko kwa bintiye, amenawa mikono, amekaa kwenye kochi, na kile kichwa kidogo kimelala kifuani pake. Alikuwa na hamu hiyo mpaka machozi yalimlengalenga.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi mkuu akachungulia, miwani puani. "Haya, tunaanza. Nani wa kwanza?"

"Mimi!" fundi akaitikia, akajishangaa mwenyewe. Kabla woga haujamrudia, alikuwa ameshaingia, ameketi kwenye kiti, bega nje.

Dada wa benchini aliingia nyuma yake. Fundi akamkonyeza, maana alidhani mwenzake amekuja kujifunza kwa kutazama. Dada akaufungua ule mkoba, akatoa koti jeupe, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akachukua bomba la sindano.

"Ahsante sana, mzee wangu," alisema, uso umemchangamka. "Umenitoa woga wote."

Akavuta pumzi, akageuza uso ukutani, akafumba macho kabisa.