Rehani

Wageni hawakunywa. Hawakula pia.

Walikuwa wametoka Ndera kumposa Joselyne, binti wa Daphrose: shangazi wawili wa mposaji, Jean-Paul, na baba yake mdogo, wamevaa vizuri. Daphrose alikuwa amewachinjia mbuzi wake wa pekee. Alivuta pombe ya ndizi kwa mrija mbele yao, kama desturi inavyotaka, ili waone haijatiwa kitu. Kisha akawasogezea kibuyu. Shangazi mkubwa, Béatha, alikiangalia tu.

"Tumeshiba, mama."

"Mumeshibia wapi? Njiani?"

Hakuna aliyecheka. Béatha aliinamia sahani ya nyama, akanusa, akarudi nyuma.

"Haya majani, tunasikia unayatia mwishoni, sufuria ikishatoka motoni. Ukiwa peke yako jikoni."

"Ndiyo yanavyopikwa. Yakichemka yanapoteza harufu."

"Sawa," alisema Béatha, na wote wakasimama. Posa ikaishia hapo.

Joselyne alikusanya vyombo. Alikula nyama ya wageni kwa mkono, amesimama, akaishushia na pombe yao. Daphrose alipomwona akalia. Angalau mtoto hamwogopi.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, hapo mtaani Rwezamenyo. Daphrose aliwahi kumpikia Madamu mmoja Mwitaliano, na Madamu aliporudi kwao alimwachia mbegu. Akazipanda kwenye makopo ya maziwa na madebe ya mafuta: basiliko, oregano, persili, na romarini kando ya ukuta. Kila asubuhi alikata vikonyo vya maua, maana basiliko ikichanua, majani huwa machungu. Mwenye duka wa jirani, mzee Mwislamu, aliitambua mara moja.

"Hii si rehani? Wenzako wanaweka vitu rehani, mama, wewe unaipanda."

Waislamu walikuja kuomba ya maharusi na ya maiti. Wengine walinong'ona kuhusu majani ya kizungu, kisha wakachoka. Hakuna aliyekuwa ametamka neno lenyewe: mrozi, mtia watu sumu. Na sasa neno lilikuwa limefika Ndera. Binti wa mrozi haolewi, kwa sababu watu husema sumu inarithiwa.

Daphrose mwenyewe alikuwa amejitahidi. Juma lililotangulia alimtuma Joselyne Ndera na kifurushi cha rehani, zawadi kwa wakwe, ili waizoee harufu.

Nani aliwafikishia? Habari za sufuria zilijulikana na mtu mmoja tu nje ya nyumba ile. Gahongayire, jirani wa ukuta mmoja, alikaa jikoni humo kila Jumapili na kisahani mkononi. Na Gahongayire naye, katika watoto wake wanne, alikuwa na binti wa kuozwa, Cyusa.

Daphrose alimwita ukutani.

"Mama Cyusa, umeniuza."

"Mimi? Nimekula kwako mwaka mzima. Kama ni sumu, mbona nimenenepa?"

"Ndiyo maana unajua ninavyotia."

"Mtafute aliyepika hayo maneno. Mimi sijui kupika hivyo."

Joselyne alikuwa anafua pembeni. Hakuinua kichwa. "Mama, achana naye. Wanaume si wamejaa?"

Daphrose hakuachana naye.

Hiyo ilikuwa Septemba, mwaka wa tisini. Oktoba vita vikaanza mpakani, waasi wakitokea Uganda, na mjini watu wakaanza kukamatwa. Daphrose alikwenda kwa Révérien, mkubwa wa mtaa, akakaa kwenye benchi lake. Hakudanganya. Alisema tu kwamba Mutabazi, mume wa Gahongayire, ana kaka yake Uganda. Mtaa mzima ulijua. Ila hakuna aliyekuwa amelisema pale kwenye benchi.

Askari walimkuta Mutabazi ananyoa, ana povu la sabuni shavu moja. Walimchukua hivyo hivyo mpaka uwanja wa mpira, walikokuwa wamerundikwa wengine. Gahongayire alimpelekea chakula kila siku, mpaka alipoambiwa asikilete tena.

Mwaka uliofuata wafungwa waliachiwa. Mutabazi hakuwamo.

"Sasa tumelingana," Daphrose alijisemea, akiwa ameinamia makopo yake. Akarudia mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza haikushuka vizuri.

Kisha siku moja akakutana na Béatha sokoni, anachagua nyanya. Jean-Paul alikuwa ameshaoa kwingine. Hakukuwa na cha kuogopa.

"Mulimsikiliza Gahongayire," Daphrose alimwambia, "mukamwacha msichana mzuri."

"Gahongayire ni nani?"

"Jirani yangu. Yule aliyewaambia mimi ni mrozi."

Béatha aliirudisha nyanya kwenye fungu.

"Mama, kwetu alikuja Joselyne. Alikuja na kile kifurushi chako, akapiga magoti, akatuomba tusiguse kitu nyumbani kwako. Mtoto atamzulia mama yake jambo kama hilo? Tulimwamini."

Daphrose alirudi nyumbani, kikapu kitupu. Nyuma ya nyumba Joselyne alikuwa anamwagilia rehani, anaimba. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anamtaka Jean-Paul. Ng'ambo ya ukuta Gahongayire alikuwa anapasua kuni mwenyewe.

Daphrose akahesabu alichomlipisha bure: mume mmoja. Watoto wanne bila baba. Jirani.